UZI: Huzuni ya msiba iliyokwama – tiba yake ikoje hasa, kikao kwa kikao

Mnasihi_Temeke (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Swali la "mtu amefiwa, aende kwa mwanasaikolojia au aache muda upite" linarudi humu kila mara, na majibu huishia "nenda ukapate ushauri" au "mwachie Mungu". Anayeambiwa aende hajui anakwenda kufanyiwa nini. Tuweke mambo yenyewe hapa: nani anahitaji, vikao vingapi, chumbani kunafanyika nini, na wapi huharibika. Wenye ujuzi ongezeeni na mnisahihishe.

La kwanza: wafiwa wengi hawahitaji tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 umesema wazi kwamba mtu asipewe tiba maalumu ya kisaikolojia kwa sababu tu amefiwa, kama hana ugonjwa wa akili. Hii haina maana kwamba huzuni ni jambo dogo. Msiba wetu wenyewe una kazi ndani yake. Tazameni matanga. Kila kundi linapoingia na kukaa mkekani, mfiwa anasimulia upya: alianza kuumwa lini, alipelekwa wapi, neno la mwisho lilikuwa nini, roho ilitoka saa ngapi. Simulizi ya kwanza hukatika katikati kwa kilio. Ya ishirini inafika mwisho. Kati ya hizo mbili, akili imeanza kukubali kwamba mtu kweli kaondoka.

Sasa kuna watu ambao simulizi hiyo haikupata kusimuliwa. Marehemu alijiua na familia ikakubaliana kusema "presha". Mimba iliharibika mwezi wa saba na hakukuwa na tanga. Mfiwa alikuwa ughaibuni, akaona mazishi kwenye simu. Au ni kaka mkubwa aliyeshughulika na jeneza, basi na chakula cha wageni, hakuna aliyemuuliza kitu. Tiba ninayoielezea kwenye uzi huu, kwa sehemu kubwa, ni kuirudisha simulizi ile kwa mpangilio na kwa usalama.

Vipimo vya kukwama: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 1, 2022 inataka ipite angalau miezi 6. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2022 unataka miezi 12 kwa mtu mzima, 6 kwa mtoto. Lakini muda peke yake hautoshi. Lazima pawe na shauku kali ya marehemu au mawazo yasiyobanduka juu yake karibu kila siku, maisha yawe yamesimama, na hali iwe imezidi kile ambacho jamii na dini ya mtu huyo inakitarajia. Hilo la mwisho msilipite haraka. Mnasihi asiyejua desturi za mfiwa hawezi kulipima.

Kwa vifo vya kawaida, hali hii huwapata karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi waliofiwa. Kwa ajali, mauaji, kujiua na kifo cha mtoto, idadi hupanda.

---

Kijana_wa_Kahama

Mkuu asante. Maswali mawili. Moja, hii inatofautianaje na sonona? Pili, zile hatua tano za huzuni zinazosambaa kwenye mitandao, mtu anatakiwa azipitie zote?

---

Mnasihi_Temeke

Naanza na la pili kwa sababu linaumiza watu. Hatua tano zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, 1969, baada ya mazungumzo na wagonjwa mahututi huko Chicago. Yaani alizungumza na watu waliokuwa wanakufa wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa wafiwa, na leo mjane anakaa anajiuliza "mbona sijafika kwenye hasira, nina kasoro gani?" Hana kasoro. Huzuni haipandi ngazi.

Picha inayofaa zaidi kazini ni ile ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, 1999. Wao wanasema mfiwa hupokezana pande mbili. Upande mmoja ni kumlilia marehemu. Upande wa pili ni maisha yanayotaka kuendelea: kufuata cheti cha kifo, kufungua mirathi mahakamani, kujifunza kulipa ada ambayo zamani ililipwa na mwingine. Asubuhi mtu analia kaburini, mchana yuko kwenye foleni, jioni anacheka na mtoto. Huko kuyumba ndiko uzima. Shida huanza anapoganda upande mmoja: analia tu mwaka mzima, au anafanya kazi tu na hajawahi kutamka jina la marehemu.

Kuhusu sonona: ladha ya kila kitu hupotea, na mtu hujiona hafai kwa ujumla. Kwenye huzuni iliyokwama, moyo unataka kitu kimoja, naye ni marehemu. Muulize angependa nini kibadilike. Mwenye sonona mara nyingi hana jibu, au anasema anataka apumzike na kila kitu. Mwenye huzuni iliyokwama anajibu kabla hujamaliza swali: "Arudi." Na kiwewe kina sura ya tatu, ambayo shina lake ni hofu: picha ya ajali inamvamia, anaruka akisikia breki. Vyote vitatu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo kikao cha kwanza hupima vyote. Kwa sonona kuna dodoso la maswali 9, alama 0 mpaka 27, na 10 kwenda juu hufuatiliwa. Kwa huzuni kuna dodoso la maswali 19, kila moja 0 mpaka 4, ambapo zaidi ya 25 ni ishara ya kukwama.

---

Kijana_wa_Kahama

Hapo nimeelewa. Sasa tupe vikao vyenyewe.

---

Mnasihi_Temeke

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni ya Profesa Katherine Shear na wenzake, Marekani. Ina vikao 16 hivi, kimoja kwa wiki. Kwenye utafiti wao wa 2005 walioinuka kwa tiba hii walikuwa asilimia 51, ukilinganisha na 28 kwa tiba nyingine nzuri ya mazungumzo. Tofauti hiyo ndiyo inayoonesha kwamba "kuongea na mtu" na tiba ya huzuni ni vitu viwili.

Vikao 1 hadi 3 ni msingi. Mnasihi anachukua historia ya uhusiano (siyo ya kifo peke yake), anaeleza huzuni inavyofanya kazi, na mfiwa anapewa daftari. Kila jioni anaandika mambo matatu: huzuni ilipanda mpaka ngapi leo kati ya 0 na 10 na alikuwa anafanya nini, ilishuka mpaka ngapi na alikuwa anafanya nini, na wastani wa siku. Dakika tano zinatosha. Mtu anayesema "nina huzuni saa zote" akirudi wiki ya pili anakuta imeandikwa 9 alipokuwa anapanga nguo na 3 alipokuwa anapika na jirani. Kumbe inapanda na kushuka. Ugunduzi huo hufungua mambo mengi.

Tangu mwanzo huwekwa pia lengo la maisha lisilohusu msiba. Swali ni: kama huzuni yako ingekuwa imepungua hadi kiwango unachokimudu, ungependa kufanya nini? Wengine husema kufungua tena genge, wengine kurudi kwaya. Kila wiki hatua moja ndogo. Wanasihi wengi huliruka jambo hili wakiona ni la ziada, halafu wanashangaa mteja anakuja kulia tu na kuondoka.

Kikao cha 3 mtu wa karibu hualikwa: dada, rafiki, mume. Anaelezwa tiba ikoje ili mfiwa akirudi nyumbani macho mekundu asiambiwe "huyo mnasihi anakuharibu, acha kwenda".

Kuanzia cha 4 ndipo kazi ngumu inaanza. Kuna kurejea tukio la kifo kwa simulizi, na kurejea mahali na vitu vilivyokwepwa. Cha 10 ni kupima tulipofika. Cha 11 hivi kuna mazungumzo na marehemu, na vilivyobaki ni kumalizia, pamoja na kujiandaa kuagana na mnasihi mwenyewe, maana hilo nalo ni kutengana.

Kurejea kwa simulizi hufanyika hivi. Mfiwa anakaa vizuri, anafumba macho, simu inarekodi. Anaanza pale alipojua kwamba mpendwa wake amefariki, na anasimulia kana kwamba linatokea sasa: "Simu inaita. Naona jina la shemeji. Naogopa kupokea." Si "simu ilipigwa". Wakati uliopita humweka mtu mbali, akasimulia kama anaandika maelezo polisi. Simulizi huchukua dakika 10 hadi 15. Mnasihi hasemi mengi, ila kila baada ya muda anauliza "ngapi sasa?" kwa kipimo cha 0 mpaka 100. Ikifika mahali 95, pale pale taratibu: "Baki hapo kidogo. Unaona nini?" Kisha macho yanafunguliwa, na wanakaa muda mrefu kuliko ule wa simulizi wakizungumza: umegundua nini, nini hukukikumbuka kabla? Mwisho kuna zoezi la kulifunga: simulizi inakunjwa kama mkeka na kuwekwa pembeni mpaka kesho. Siku hiyo mfiwa huwa amepanga kitu kizuri cha kufanya akitoka, hata kama ni chai na rafiki.

Nyumbani anasikiliza rekodi kila siku, na anaandika alama zake kabla na baada. Baada ya vikao vitatu au vinne, ile 95 mara nyingi inakuwa 60, halafu 40. Kumbukumbu inabaki ileile, ila mtu anaweza kuigusa bila kuungua.

---

NesiWodiNane

Naongezea panapoharibika, maana hapo kwenye rekodi ndipo wengi wanaacha.

Mfiwa anaishi chumba kimoja na watoto watatu, simu ni ya familia. Unamwambia asikilize kila siku, atasikilizia wapi? Kabla ya kikao cha 4 mpange saa na mahali: watoto wakiwa shule, au kwa dada yake, spika za masikioni, faili lifungwe kwa namba ya siri. Akikosa kabisa, aandike simulizi kwa mkono na aisome. Ni afadhali siku nne kwa wiki zilizopangwa kuliko saba za kwenye karatasi.

Kosa la pili ni la mnasihi. Machozi yakianza, anakimbilia kufariji: anampa kitambaa, anasema "basi, basi, pole mama", anafungua aya. Hapo simulizi imekatwa kwenye 95, na mwili wa mfiwa umejifunza kwamba jambo hili kweli halivumiliki, hata mtaalamu limemshinda. Tulia. Kitambaa kiwe karibu yake tangu mwanzo, akichukue mwenyewe.

Kosa la tatu ni kuanza kurejea wakati mtu hayuko salama. Dodoso la sonona lina swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwa mfiwa uliza zaidi, kwa maneno yasiyozunguka: "Je, unatamani tu kumfuata, au umefikiria namna ya kujiua?" Wafiwa wengi hutamani kulala wasiamke. Ni kauli ya uchungu, na huitwi kuitangazia familia nzima. Lakini palipo na njia, mahali au siku, simamisha simulizi, andikeni mpango wa usalama, vitu hatari viondolewe nyumbani (sumu ya wadudu, dawa za marehemu zilizobaki), na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Pombe pia: anayekunywa ili alale asianze kurejea mpaka pombe ipungue.

Na mwili jamani. Siku za kwanza za msiba ni hatari kwa moyo. Mwenye presha na mwenye kisukari wasikose dawa zao kwenye matanga, na ndivyo inavyotokea: dawa zimebaki nyumbani, mtu hajala, au anakunywa chai ya sukari mara sita kwa siku kwa sababu kila mgeni anamletea. Wekeni mtu mmoja wa kumkumbusha, mwenye mfuko wa dawa mkononi. Kuna hata hali inayoitwa takotsubo, iliyoelezwa kwanza na madaktari wa Japani, ambapo misuli ya moyo hudhoofika ghafla baada ya mshtuko na dalili zake ni zilezile za shambulio la moyo. Mfiwa akishika kifua, asiambiwe ni majonzi tu. Hospitali.

---

Kijana_wa_Kahama

Dada, na ile sindano ya kumtuliza mfiwa anayepiga kelele msibani?

---

NesiWodiNane

Huo mwongozo alioutaja Mnasihi wa 2013 unasema wafiwa wasio na ugonjwa wa akili wasipewe dawa za kutuliza za jamii ya diazepam, watu wazima wala watoto. Anayelala kwenye mazishi kwa sindano huamka wiki ijayo na shimo: hakuona jeneza likishuka, na shimo hilo ndilo linalokuja kukwama. Zaidi ya hapo, vidonge vya usingizi hugeuka mazoea kwa wiki chache tu. Anayepiga kelele ashikwe na mtu anayemwamini, apewe maji, apate hewa. Kelele zina mwisho.

Dawa za sonona ni habari nyingine. Utafiti wa 2016 wa kundi hilohilo la Shear, watu 395, uliweka citalopram, moja ya dawa hizo, na tiba ya huzuni pamoja. Tiba bila dawa halisi iliinua asilimia 82.5, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa bila tiba hiyo walikuwa 54.8. Dawa haikuongeza kitu kwenye huzuni yenyewe. Ilichosaidia ni dalili za sonona kwa wale waliokuwa kwenye tiba. Kwa hiyo mwenye vyote viwili apate vyote viwili, na asiambiwe kidonge kitamtoa msibani.

---

Bi_Mwanakombo

Assalaam aleikum nyote. Hamjagusa lawama, na kwa hakika ndilo fundo la wengi: "Ningempeleka hospitali Jumatatu." "Mimi ndiye niliyemwambia apande basi lile." Ukimjibu "usijilaumu, ni mipango ya Mungu" anakunyamazia na lawama inabaki, ila sasa anaificha.

Chora duara kwenye karatasi kubwa. Muombe ataje kila kilichochangia kifo, na yeye mwenyewe awe wa mwisho kuandikwa: ugonjwa wenyewe, dalili zilizofanana na malaria, zahanati isiyo na kipimo, barabara, gari lililochelewa, daktari, uamuzi wa marehemu wa kutosema maumivu. Kila kimoja kipewe kipande cha duara kwa asilimia. Kipande kinachobaki ndicho chake. Mkianza na yeye, atajipa 90 na duara limekwisha. Akimaliza na 10 au 5, usimfute hiyo 5. Inaweza kuwa ya kweli. Hiyo 5 ndiyo ya kuombea msamaha, na ni mzigo unaobebeka.

Halafu kuna swali moja la kuandika kwa safu mbili: Jumatatu ile saa mbili usiku ulijua nini? Leo unajua nini? Mfiwa hujihukumu kwa safu ya pili.

---

Ustadh_wa_Chake

Nimefuatilia kwa makini. Mnasihi umetaja "mazungumzo na marehemu" kikao cha 11. Kwa Waislamu na hata Wakristo wengi hapo pana mashaka. Tufafanulie. Jambo la pili ni mjane aliye kwenye eda, anaruhusiwa kwenda vikaoni?

---

Mnasihi_Temeke

Sheikh, swali zuri. Zoezi lenyewe ni la kuwaza: mfiwa anafumba macho, anasema yale ambayo hakuwahi kumwambia, kisha anajibu mwenyewe kwa namna anavyomfahamu marehemu angejibu. Hakuna anayeitwa wala anayedaiwa kusikia. Hata hivyo, mfiwa akiona halimkai sawa kiimani, haliguswi. Barua isiyotumwa inafanya kazi hiyohiyo: nilichokukosea, ulichonikosea, ninachokushukuru, ninachokuahidi. Au anayasema hayo mbele ya Mungu kama dua. Kinachotibu ni maneno yaliyozuiliwa kupata njia ya kutoka.

Kuna pia wanaodhani tiba inataka mtu "amwachie" marehemu kabisa. Wazo hilo ni la zamani, na tangu miaka ya 1990 limepingwa sana na watafiti. Uhusiano unaweza kubaki kwa sura nyingine: khitma, kumtolea sadaka, misa ya kumbukumbu, kumpa mjukuu jina lake. Desturi zetu zilijua hili kabla.

---

Bi_Mwanakombo

Kwenye eda: ni miezi minne na siku kumi, au mpaka kujifungua kwa mjamzito. Wanazuoni wengi huruhusu mwanamke kutoka mchana kwa haja, na matibabu ni haja, ila kila mtu amuulize sheikh wake. Kwa vitendo: mnasihi awe mwanamke, kikao kiwe asubuhi, au mnasihi aende nyumbani, au simu. Na kumbukeni hesabu: kwa asiye mjamzito eda inaisha kabla ya miezi 6, kwa hiyo mjane huyo si wa kupewa jina la huzuni iliyokwama akiwa ndani ya eda. Anachohitaji humo ni usingizi, chakula, mtu wa kuongea naye, na kulindwa na ndugu wanaokuja kuhesabu mali kabla hata tanga halijaanuliwa. Mtu hawezi kuomboleza huku anatetea kitanda chake.

Nifungue la vikundi, kwa sababu si kila mji una mtaalamu wa vikao 16. Kikundi kizuri kina watu 6 hadi 10, wiki 8 hadi 12, dakika 90, na mlango unafungwa baada ya wiki ya pili, asiingie mpya. Waliofiwa na watoto wasichanganywe na waliofiwa na wazazi wazee. Nimeandika "wasichanganywe" na namaanisha: mama aliyezika mtoto wa miaka minne hawezi kukaa akisikiliza "baba alikuwa na miaka 88" bila kufunga moyo. Waliofiwa kwa kujiua wawe na kikundi chao inapowezekana. Aliyefiwa wiki mbili zilizopita bado hajafika kwenye kikundi, subiri angalau miezi miwili au mitatu. Mwezeshaji ahoji kila mmoja peke yake kwanza.

Kanuni ya dakika: watu 8 katika dakika 90, kila mtu ana kama dakika 8, zinazobaki ni za kufungua na kufunga. Asiyesimamia saa atakuta mtu mmoja amechukua 40 na wawili hawarudi wiki ijayo. Ushauri marufuku. Neno "jikaze" marufuku. Wiki moja kila mtu alete kitu cha marehemu: kofia, miwani, kipande cha kanga. Hapo waliokaa kimya wiki nne huanza kusema, kwa sababu kitu kinawasemea.

---

Mwl_Kilimanjaro

Kwa watoto nataka niseme kwa mkazo: msiwaambie "amelala", "amesafiri", "Mungu amempenda zaidi". Mtoto wa miaka minne ataogopa kulala, au atakaa barazani akisubiri basi, au ataogopa kupendwa na Mungu. Sema: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, haumwi, hasikii baridi, na hatarudi." Kisha ongeza mambo mawili ambayo mtoto anayawaza asiyaseme: "Hukusababisha wewe," na "Nitakutunza mimi pamoja na mama." Atauliza tena kesho. Jibu vilevile, kwa maneno yaleyale. Chini ya miaka mitano hadi saba wengi hawajashika kwamba kifo hakirudi nyuma, kwa hiyo kurudia si ukaidi.

Mtoto huhuzunika kwa vipande. Analia dakika kumi, anakwenda kucheza mpira. Watu wazima husema "huyu haelewi" na kumbe anapumzika.

Na kuna jambo la kwetu kabisa. Utafiti uliochapishwa 2020 ulifanyika Moshi na Bungoma na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, wa miaka 7 hadi 13. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Vikao 12 vya kikundi, kimoja kwa wiki, na 3 hadi 4 vya mtoto peke yake, ambavyo ndani yake husimulia kifo. Walezi nao walikuwa na kikundi chao. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, lakini yalionesha kwamba kazi hii inafundishika kwa asiye na digrii, sharti asimamiwe. Usimamizi ukikatwa, tiba hugeuka mahubiri.

Dalili za kumpeleka mtoto kwa mtaalamu: amerudi kukojoa kitandani na wiki zinapita, haingii darasani, anacheza mchezo uleule wa kifo bila kubadilika, au anasema anataka kumfuata marehemu. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure Tanzania na Kenya pia.

---

Ustadh_wa_Chake

Na ambao hawakupata mwili? Huku visiwani tangu meli ya Spice Islander ilipozama, Septemba 2011, kuna nyumba ambazo hazikuzika.

---

Mnasihi_Temeke

Hili ni zito kuliko yote, Sheikh. Mwanasaikolojia Pauline Boss ndiye aliyelipa jina: kupoteza kusiko na uhakika. Wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996 nao wapo, na familia za wavuvi, na za waliopotea njiani kwenda Ulaya.

Hapa tiba ya kurejea tukio haifai kama ilivyo, kwa sababu hakuna tukio lililoshuhudiwa. Na kumlazimisha mtu akubali kwamba amekufa ni kumfanya amsaliti mtu wake, kwa hiyo atakuacha wewe kwanza. Lengo ni kushika mambo mawili kwa pamoja: "Pengine hatarudi, na bado namkumbuka kama yupo." Familia ikae pamoja, kila mmoja aseme anaamini nini, bila kushindana. Mara nyingi mama anaamini yu hai na wana wanataka mirathi ifunguliwe, na ugomvi wa nyumba nzima ni huo. Panga ibada au kisomo kisichotangaza kifo: kumwombea popote alipo. Sheria, Tanzania na Kenya, inakubali mtu asiyesikika kwa miaka kadhaa (Kenya ni 7) kudhaniwa amefariki, na familia zijue kwamba karatasi ya mahakama ni ya benki na kiwanja. Haimlazimishi mama kuamini.

---

Kijana_wa_Kahama

Mwisho wakuu: mtu anamjuaje mnasihi sahihi, na vikao vikiisha huzuni ikirudi?

---

NesiWodiNane

Muulize kwa simu kabla ya nauli: Umefunzwa tiba ya huzuni, ipi? Vikao vingapi? Utapima kwa nini mwanzoni na katikati? Nani anakusimamia? Nikipata mawazo ya kujidhuru usiku, nimpigie nani? Anayejibu "tutaongea tu mpaka ujisikie vizuri" ana moyo mzuri, lakini kwa huzuni iliyokwama endelea kutafuta. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure kwa msaada wa kisaikolojia. Tanzania, anzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, omba mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii.

---

Mnasihi_Temeke

Huzuni itarudi, na hilo huandaliwa kikao cha 14 au 15. Mnachukua kalenda na kutia alama siku ya kifo, siku ya kuzaliwa, Idd au Krismasi, msimu wa mavuno kama marehemu alikuwa mkulima. Kwa kila siku mnaandika nani atakuwa naye, kitafanyika nini asubuhi, na atamwambia nani mapema. Wiki moja kabla ya tarehe inaweza kuwa ngumu kuliko tarehe yenyewe, kwa hiyo alama mbili kwenye kalenda, siku yenyewe na siku saba nyuma. Alama ikipanda mpaka 8 siku hizo na kushuka ndani ya wiki mbili, huo ni mwendo wa kawaida. Ikikaa juu mwezi mzima na ameanza tena kukwepa chumba cha marehemu, apige simu arudi kwa vikao viwili au vitatu, na aje na lile daftari.